Mti Uliokishinda Chungu

Anayeshuka feri upande wa kisiwani akitoka Likoni, akashika kulia kuifuata Barabara ya Mama Ngina, hukutana na mibuyu iliyosimama juu ya jabali la matumbawe, ikiuangalia mlango wa bandari ya Kilindini. Wengi huijua kwa kivuli chake, mahali pa kukaa jioni kwa muhogo wa pilipili na dafu. Atunzaye miti ya vyunguni huiona kwa jicho jingine. Mashina yake ni manene mno kwa kimo chake, matawi ni machache na mazito, na ncha za vitawi zimekatikakatika kwa kusi inayovuma moja kwa moja kutoka baharini. Hakuna aliyeichonga. Jabali limeinyima kina cha udongo, chumvi imezichoma ncha changa, kiangazi kimeipukutisha majani, na miaka imemalizia yaliyobaki. Bonsai, sanaa iliyoanzia China na kukomaa Japani, ni kuifanya kazi hiyo ya jabali na upepo kwa msumeno, makasi na waya, ndani ya chungu ambacho mara nyingi hakizidi kina cha kiganja.

Tatizo huanza mkono ukiondoka. Mwenye mti husafiri, huugua, huhama nyumba, au hufariki na kuwaachia watoto vyungu wasivyojua vyataka nini. Mti hupewa maji na mwenye huruma, basi. Ikipita miaka mitano sita, kilichokuwa mti mdogo wenye umbo huwa kichaka. Matawi ya juu yamejitwalia nguvu yote, ya chini yamekufa kwa kukosa mwanga, majani yote yamehamia nchani, na mizizi imejizungusha chunguni hadi maji yakimwagwa juu hutiririka pembeni bila kupenya. Pengine mzizi mmoja umetokea tundu la chini ukaingia ufa wa sakafu. Miti ya namna hii imo uani na juu ya mapaa ya nyumba nyingi za Mombasa, hata pale ambapo mwenyewe hakuwahi kulisikia neno bonsai: mtini ulionunuliwa kitaluni ukiwa mche wa shubiri moja, bogenvilia ya roshani, mbuyu uliooteshwa na mtoto kwenye kopo la rangi.

Mara nyingi mti huo hupatwa na moja ya mambo mawili. Ama hutupwa, ama hukabidhiwa mtu mwenye panga ambaye asubuhi moja huukata juu, huukata mizizi, huubadilisha chungu na kuufunga waya, yote kwa mkupuo. Ukifa, husemwa ulikuwa mzee. Haukufa kwa uzee. Ulinyang'anywa majani yanayotengeneza chakula siku ile ile uliponyang'anywa mizizi inayoleta maji. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba mti uliokishinda chungu unaweza kurudishwa, tena ukawa bora kuliko ulivyokuwa, mradi kazi igawanywe kwa misimu, na misimu yenyewe iwe ya Pwani, si ya vitabu vya nchi za theluji.

Vitabu hivyo hupenda kutoa mfano wa mwaloni, mti ambao msomaji wa Kiswahili huujua zaidi kwa habari za Ibrahimu huko Mamre kuliko kwa macho yake. Mwaloni wa Ulaya ni mwalimu mzuri. Gome lake hupasukapasuka likaonekana la kale, mbao yake ngumu hustahimili majeraha, na ukikatwa hata kwenye shina nene hutoa machipukizi mapya. Waingereza kwa karne nyingi wamevuna mialoni kwa kuikata kisiki na kuingoja ichipue tena. Kuurejesha mwaloni uliozidi huanza baridi ikielekea kuisha, mti ukiwa hauna jani na umbo lake lote li wazi. Mizizi hupunguzwa macho ya matawi yanapoanza kuvimba, tena haioshwi yote, kwa kuwa mwaloni huishi kwa ushirika na kuvu wa udongoni, na udongo wa zamani ndio unaowabeba. Baada ya hapo mti huachwa ukue bila kuguswa hadi majani yapukutike tena. Mwaka unaofuata ndipo matawi huchaguliwa. Majani yake mapana hupungua ukubwa kidogo kidogo kadiri vitawi vinavyoongezeka, na hiyo ni kazi ya miaka kumi, si miwili.

Utaratibu huo ni sahihi popote. Kalenda yake ndiyo isiyovuka bahari. Mwaloni hupumzika kwa sababu siku hufupika na baridi huingia, na ukikosa pumziko hilo mwaka baada ya mwaka hudhoofika. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa Ikweta. Urefu wa siku haubadiliki sana kati ya Januari na Julai, na hata Julai na Agosti, miezi ya ubaridi, wastani wa joto la usiku hauko mbali na nyuzi 20. Hakuna Februari ya barafu ya kumwambia mtu kwamba sasa ndio wakati wa kukata. Kilichopo ni pepo na mvua: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, masika ya Aprili na Mei, kusi ya katikati ya mwaka, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Mkulima wa Pwani amepanda kwa majira hayo tangu zamani, na mti wa chunguni nao huyatii.

Kwa miti mingi, basi, kazi kubwa ya shina na mizizi huangukia mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili. Joto lipo, mawingu yanaingia, unyevu wa hewa unapanda, na mti unapata miezi kadhaa ya kujijenga kabla ya kaskazi ijayo. Nafasi ya pili ni mwanzo wa vuli. Wakati mbaya kuliko wote ni Januari na Februari, kwa jua kali, mvua haba na shida ya maji mtaani. Mti uliofunguliwa mizizi wakati huo hushindwa kunywa kwa kasi unayopoteza maji majanini, hata ukimwagiliwa mara tatu kwa siku.

Na kabla ya kukata chochote, mti uliopuuzwa unastahili msimu mmoja wa kulishwa. Hili ndilo wengi hulikosa. Mti wenye majani ya manjano na vichipukizi vya nusu kidole hauna akiba ya kuponyea kidonda. Upewe mwanga, chungu kitobolewe upya kwa kijiti hadi maji yapenye, mbolea kidogo kidogo, na matawi yaachwe yarefuke yatakavyo, kwa maana kurefuka huko ndiko kunakoirudisha nguvu mizizini. Mtu atakayeuona mti katika miezi hiyo atadhani umezidi kuharibika. Ndivyo unavyotakiwa uonekane.

Ni mti gani basi unaostahili taabu hiyo hapa kisiwani? Wa kwanza, bila shaka, ni mtini. Mji wa Kale unaujua kama adui. Ndege na popo hula tini, mbegu huangukia ufa wa ukuta wa matumbawe na chokaa, hasa pale lipu ilipobanduka, na baada ya muda mzizi mwembamba huwa mkono unaosukuma mawe. Mji wa Kale umehifadhiwa kisheria tangu mwaka 1990, na wahifadhi wake wanafahamu kwamba ukikikata kilichochomoza nje, mzizi uliobaki ndani hutoa vichipukizi vinne mahali pa kimoja, na ukiung'oa kwa nguvu mawe huufuata. Huko Gedi, mji wa magofu ambao James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948 na Unesco ikauingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, mizizi imezikumbatia kuta kiasi kwamba mtu hajui tena ni kipi kinachokishikilia kingine.

Nguvu hiyo inayouponza ukuta ndiyo anayoitaka mtunza bonsai. Mtini ukikatwa hadi kisiki huchipua kwenye gome kuukuu. Mzizi ulioachwa hewani hunenepa ukawa sehemu ya shina. Majani hupungua haraka kuliko ya mwaloni, na kosa la mwaka huu husahauliwa na mti mwakani. Mche uliojiotea ukutani mara nyingi huwa tayari na kitako kilichovimba kwa kubanwa na mawe, kitu ambacho mtini wa kitaluni huchukua miaka kukipata. Kuutoa mapema, kwa ruhusa ya mwenye nyumba na kwa patasi ndogo ya fundi anayejua chokaa, ni faida kwa ukuta na kwa mti. Tahadhari ni kwa ule mtini wa majani membamba yanayong'aa, benjamina, unaouzwa kwa hoteli na ofisi. Tawi lake likikatwa bila kuachiwa hata jani moja, mara nyingi hukauka hadi shinani. Kwa huo, hukatwa mbele kidogo ya jani lililobaki, na kipande kilichozidi huondolewa baadaye, chipukizi jipya likishika.

Utomvu mweupe unaochuruzika mtini unapokatwa huwatisha wanaoanza. Hauna neno kwa mti. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji, na kidonda kikubwa hufunikwa kwa gundi nyeupe ya seremala ili kingo zisikauke. Uwezo wa jamii hii ya miti kujifunga vidonda unajulikana vizuri Uganda, ambako mafundi wa Buganda hubandua gome la mutuba ili kutengeneza nguo ya gome, kisha hulivika shina majani ya mgomba, na mti huvaa gome jipya ukavunwa tena. Unesco iliitambua kazi hiyo mwaka 2005 kuwa urithi usioshikika. Mwenye kuogopa kuukata mtini wa chunguni angewatazama mafundi hao siku moja tu, woga ungemtoka.

Mbuyu ni habari nyingine, na ndio mti unaolipa eneo la feri sura yake. Mbegu zake hupatikana sokoni, mradi ziwe za mabuyu makavu ya shambani, si yale yaliyopikwa kwa sukari na rangi. Huloweshwa maji ya moto ili ganda gumu lilegee. Mche hutanguliza mzizi mmoja mnene wa kwenda chini, na hapo ndipo mibuyu mingi ya vyunguni huharibika: mzizi ukifika kitakoni hujikunja, shina halinenepi, na mti hurefuka kama mlingoti. Ukirejesha mbuyu wa namna hiyo, kazi ya kwanza si juu bali chini. Mzizi huo hukatwa kwa msumeno mkali, kidonda huachwa kikauke kivulini siku kadhaa, kisha mti hupandwa kwenye udongo mkavu wa changarawe juu ya kigae bapa, ili mizizi mipya ielekee pembeni na kitako kitanuke.

Wakati wake ni pale mti unapokaribia kuvaa majani baada ya ukame, macho yakianza kuvimba. Mbuyu usio na majani haunywi kitu. Huishi kwa akiba iliyo ndani ya shina, na maji unayomwagiwa kwa huruma katika miezi hiyo ndiyo yanayouozesha. Mibuyu mingi ya majumbani hufa hivi, kwa kumwagiliwa, na mwenyewe haamini. Shina likibonyea laini chini ya kidole gumba, uozo umeshaingia, na kinachobaki ni kukata hadi nyama nyeupe ngumu na kuungoja mti ujiamulie.

Mkwaju hauna vituko hivyo. Majani yake madogo yanayojifunga usiku yanafaa chungu tangu mwanzo, gome huparara mapema, mbao ni ngumu, na hukubali kukatwa. Upungufu wake ni kasi: shina la unene wa kifundo cha mkono huchukua miaka mingi chunguni, kwa hiyo ni afadhali uachwe kwanza ardhini. Bogenvilia huchipua vizuri hata kwenye kisiki kikongwe na hutoa maua ikionjeshwa kiu, lakini mbao yake iliyokufa huoza upesi na mizizi yake hukatika kwa kuguswa tu, hivyo haifunguliwi kwa kuoshwa na mpira wa maji. Waridi la jangwani, lenye tumbo nene na maua mekundu, hutunzwa kama mbuyu, ila mwenye kulikata avae glavu, kwa kuwa utomvu wake ni sumu.

Sasa udongo na maji, ambako Mombasa ina shida zake yenyewe na ambako ushauri wa vitabu vya ng'ambo huanguka kabisa. Wajapani hutumia punje za udongo mgumu wa volkano, akadama, unaoshika maji na bado ukapitisha hewa. Kisiwa hakina kitu hicho. Kina udongo mwekundu unaogandamana kama tofali, na kina mchanga wa ufukweni, ambao sehemu yake ni vipande vya kombe na matumbawe, umejaa chokaa na chumvi. Mchanga huo ukitiwa chunguni, majani mapya hugeuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani, dalili kwamba mti umeshindwa kukichukua chuma kilichomo udongoni. Kinachofaa ni vigae na matofali yaliyopondwa na kuchekechwa hadi punje za milimita 3 hadi 6, vipande vya makaa, mboji iliyoiva, na jiwe jepesi la povu kutoka Bonde la Ufa kwa mwenye njia ya kulipata. Usumba wa nazi uko tele na ni mzuri, ila uloweshwe na kuoshwa mara kadhaa, kwa kuwa hubeba chumvi.

Suala la maji ni gumu zaidi. Mji unategemea chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, kwa bomba linalosafiri zaidi ya kilomita 200, na visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki. Mifereji ikikauka, na hukauka, watu hurudi kwenye mitungi ya mkokoteni na kwenye visima vya kisiwani, ambavyo vingi ni vya maji ya chumvi. Mti uliopandwa ardhini unaweza kuvumilia. Wa chunguni hauwezi, kwa sababu maji huenda na chumvi hubaki, kila siku tone juu ya tone, hadi kingo za majani zikaungua rangi ya kahawia. Dawa ni kumwagilia hadi maji yapite chini kwa wingi, si kulowesha uso, na kuiacha masika iukoge mti wazi. Mwenye paa aweke pipa. Waliojenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596 waliweka birika la mvua ndani ya ngome, kwa kuwa nao waliishi juu ya jabali hili hili.

Kama kuna mahali panapoonyesha kwamba matumbawe matupu yanaweza kulea mti, ni Bamburi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alikabidhiwa machimbo yaliyoachwa na kiwanda cha saruji, bonde la mawe meupe lenye maji ya chumvi chini yake. Alijaribu aina 26 za miti. Baada ya miezi sita zilizosimama zilikuwa tatu: mvinje, mnazi na damasi. Mvinje ulishinda kwa kuwa mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani. Lakini majani yake kama sindano hayakuoza, yakalala chini makavu, hadi Haller alipoleta majongoo wakubwa wenye miguu myekundu, wakayala na kuyageuza udongo. Leo pale ni msitu. Anayefufua mti wa chunguni ana la kuchukua hapo: msitu ulipatikana Haller alipokishughulikia kilicho chini ya mti, na sura ikafuata baadaye. Udongo hai hauongezwi kwa kijiko cha mbolea ya dukani. Huletwa kwa mboji na kungoja.

Mizizi ikishapunguzwa, theluthi moja kwa mti dhaifu na hadi nusu kwa mtini wenye nguvu, mti hukaa kivulini wiki mbili tatu, mbali na kusi, kisha husogezwa juani taratibu. Katika mwaka huo hakuna waya wala makasi. Mwaka wa pili ndio wa matawi, na hapa jicho hufanya kazi zaidi ya mkono. Shina litazamwe kutoka chini kwenda juu, kwa sababu uzee wa mti huonekana kwenye kitako kinachotanuka na shina linalopungua unene kadiri linavyopanda. Mti ulioachwa huwa umeikosa sifa hiyo: shina lake ni nene sawasawa hadi juu, kisha linapasuka kuwa fagio. Msumeno hupita pale ambapo tawi dogo la chini linaweza kuchukua nafasi ya kilele. Kimo hupotea nusu kwa dakika chache, na watu wa nyumbani hulalamika. Ni uamuzi mchungu, lakini asiyeuchukua atazunguka miaka akipunguza vitawi vya mti ambao kasoro yake iko shinani.

Wakantoni wa kusini mwa China, wenye hali ya hewa ya joto kama hii, hujenga matawi kwa kukata tu: tawi huachwa linenepe, likakatwa fupi, chipukizi linaloelekea panapotakiwa likaachwa, nalo likakatwa likinenepa, na kila mkato ukawa pindo. Njia hiyo inaufaa mtini na mkwaju wa Mombasa kuliko waya. Waya unatumika, wa alumini laini au wa shaba uliopashwa moto, lakini kwenye joto hili tawi hunenepa upesi, na waya uliosahaulika mwezi mmoja huacha alama ya nyoka isiyofutika kwa miaka. Atakayesafiri asifunge waya. Afunge kamba, alivute tawi chini.

Usafishaji wa mwisho, ule wa vitawi na majani, huanza mwaka wa tatu au wa nne. Mtini wenye afya unaweza kunyofolewa majani yote ya nje kwa mkupuo, ukabaki na vikonyo, na baada ya wiki chache ukavaa majani mapya madogo zaidi huku mwanga umefika ndani. Hilo lisifanywe mwaka ule ule mizizi ilipoguswa. Kwa mkwaju inatosha kufupisha ncha. Kwa mbuyu hakuna haja: majani yake ya vidole vitano hadi saba hupungua kwa jua, chungu kidogo na kiu ya kiasi, na kupukutika kwake kwa kawaida kunafanya kazi ambayo mtini unafanyiwa kwa vidole.

Umbo nalo lina siasa yake. Picha nyingi za bonsai ni za misonobari ya Japani, yenye mawingu ya majani yaliyopangwa ngazi kwa ngazi, na wengi hulazimisha mtini au mbuyu uvae sura hiyo. Charles Ceronio wa Pretoria aliliona tatizo hilo Afrika Kusini, na katika kitabu chake Bonsai Styles of the World cha mwaka 1999 aliyaeleza maumbo ya Kiafrika: mbuyu wenyewe, mgunga wa taji bapa, mtini wa porini unaotanua matawi. Hakuyabuni mezani, aliyatazama kwenye nyika ya kwao. Mombasa haina haja ya kuazima hata ya Pretoria, maadamu mibuyu ya Mama Ngina ipo, yenye matawi ya juu yanayojikunja kuukimbia upepo wa bahari na upande mmoja mzito kuliko mwingine. Mti wa chunguni uliorejeshwa kwa mfano huo utatambulika na mtu yeyote aliyewahi kuvuka Likoni.

Kuitazama, lakini, si kuing'oa. Mwaka 2022 mibuyu mikongwe ya Kilifi ilichimbuliwa mizima ili isafirishwe hadi bustani ya miti nchini Georgia, wakulima wakalipwa, magari makubwa yakaja, na wananchi wakapiga kelele hadi Rais William Ruto akaagiza uchunguzi wa vibali. Yaliyosemwa siku zile kuhusu miti mikubwa yanauhusu pia mti mdogo uliochakaa kwa uzuri juu ya jabali. Mapango na miamba ya Mama Ngina ni eneo la urithi, na makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, yana makatazo yaliyotangulia sheria yoyote ya Nairobi. Mitini ya kuta zinazokarabatiwa, bogenvilia za ua unaobomolewa na vyungu vilivyoachwa na marehemu vinatosha na kubaki.

Na vyungu hivyo vya marehemu ndivyo vinavyohitaji mpango. Huko Marekani, kwenye makumbusho ya bonsai ya Bustani ya Taifa ya Miti mjini Washington, kuna msonobari mweupe uliotunzwa chunguni tangu mwaka 1625. Ulikuwa Hiroshima bomu lilipoangushwa mwaka 1945, nyuma ya ukuta wa kitalu cha familia ya Yamaki, na familia hiyo iliutoa zawadi mwaka 1976. Umeishi takriban miaka 400 kwa sababu kila mara alikuwepo wa kuupokea. Watunzaji wa Tokyo waliopoteza vitalu kwenye tetemeko la 1923 nao walihamia Omiya pamoja, wakaanzisha kijiji cha bonsai mwaka 1925, na tangu mwaka 2010 mji una makumbusho yake ya bonsai.

Mombasa haijafika huko, wala haihitaji jengo. Bustani ya Mama Ngina ilikarabatiwa mwaka 2019 na Sikukuu ya Mashujaa ya mwaka huo ikafanyika hapo hapo, na bustani ina ngazi, sehemu za kukaa na kivuli cha mibuyu. Pembe moja ingetosha: ukuta wa kuzuia kusi, chandarua cha kivuli kwa ajili ya Januari, tangi la kukinga masika, meza za saruji, na watu wawili wanaojua kukata. Familia iliyoachiwa chungu isichokijua ingekipeleka hapo badala ya kukitupa kwenye jaa, na mwanafunzi wa shule ya Makadara angejifunza kupogoa kwa mtini uliotoka kwenye ukuta wa Kibokoni, Mji wa Kale. Kaunti ina bustani, Mji wa Kale una wahifadhi, na mtu wa kwanza kuombwa mti atakuwa fundi anayebandua lipu ya zamani kwenye barabara ya Ndia Kuu mwezi wa Machi, kabla hajachukua nyundo.